Dhahiri na Batini ya Nondo: Uchambuzi wa Kupambanua Spishi Zinazofanana

Miongoni mwa mas'ala ambayo elimu ya wadudu imeyashughulikia kwa muda mrefu, na ambayo yamewagusa watu wengi wasiojua kuwa yamewagusa, ni mas'ala ya kupambanua nondo wanaofanana. Hutokea nondo wawili wakakamatwa usiku mmoja kwenye taa moja, rangi yao moja, kimo chao kimoja, na mabaka yaliyo juu ya mabawa yao ni yale yale. Na juu ya hayo kila mmoja akawa ni wa spishi yake, mwenye chakula chake, mwenye adui wake, asiyemtaka mwenziwe kwa kuzaana. Nondo na vipepeo waliokwisha kupewa majina na wataalamu wapata 160,000, na katika jumla hiyo vipepeo ni kama 18,000 tu. Waliobaki wote ni nondo, na aghalabu yao ni wadogo, wenye rangi ya vumbi, ya gome la mti au ya majani makavu. Katika umati mkubwa namna hiyo kuwapo wanaofanana si ajabu. Lililo la kutafakari ni kwa dalili gani mtu atahukumu kwamba huyu ndiye wala si yule, na hukumu hiyo yafaa kutegemewa kwa kiasi gani. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba dalili za batini, yaani za umbile la viungo vilivyofichika na hususan viungo vya uzazi, ndizo zilizoiweka elimu hii juu ya msingi imara, na kwamba hata katika zama hizi za kusoma urithi wa viumbe herufi kwa herufi, dalili hizo hazijashuka daraja.

Sababu ya dhahiri kutotosha haiko mbali. Rangi za mabawa ya nondo ni kazi ya magamba madogo mno yaliyopangwa safu kwa safu, na kwa nondo wengi manufaa ya rangi hizo ni kumficha mwenyewe mchana anapopumzika. Spishi mbili zikipumzika juu ya magome ya namna moja, na zikiwindwa na ndege wale wale, kila moja husukumwa kizazi baada ya kizazi kuelekea sura ile ile. Basi kufanana kwao kwa nje kwaweza kuwa ni athari ya maisha yao, wala si ithibati ya nasaba. Kwa upande wa pili, spishi moja yaweza kuzaa watoto wa rangi mbali mbali, wengine weusi na wengine wa kijivu, hata mtu akadhani ana spishi mbili mkononi ilhali anao ndugu wa tumbo moja. Fauka ya hayo, magamba hupukutika: nondo aliyekwisha kuruka siku kadha wa kadha, au aliyejipigapiga ndani ya mtego, humfikia mtaalamu akiwa hana tena ile alama iliyotajwa kitabuni. Huko Uingereza wapo nondo wawili mashuhuri kwa jambo hili, Acronicta psi na Acronicta tridens, ambao wakiwa viwavi hutengwa kwa urahisi kwa rangi zao, lakini wakishaota mabawa hufanana kiasi cha kuwashinda wajuzi mpaka wapasuliwe. Na katika jenasi ya Mesapamea, nondo wa Ulaya aliyekuwa akihesabiwa kuwa ni mmoja alibainishwa mwaka 1983 kuwa ni wawili, na kilichowatenga ni umbile la viungo vyao vya uzazi.

Wazo la kutazama huko halikuja siku moja. Linnaeus, aliyeweka kanuni ya majina ya wanyama katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake, aliwapanga nondo hasa kwa mabawa na vipapasio vyao, na wengi waliomfuata walishika njia hiyo. Mwaka 1844 Mfaransa Léon Dufour, tabibu aliyekuwa na mapenzi makubwa ya kuchunguza wadudu, alieleza kwamba viungo vya uzazi vya dume na vya jike katika kila spishi vinachukuana kama ufunguo na kufuli, hata dume wa spishi ngeni asiweze kufungua. Mwishoni mwa karne hiyo Karl Jordan, Mjerumani aliyefanya kazi katika makumbusho ya Walter Rothschild mjini Tring, Uingereza, aliipa kazi hii nidhamu ya kweli. Na kitabu walichotoa pamoja mwaka 1903 juu ya nondo wa jamii ya Sphingidae kilithibitisha kwamba mpango wa jamii nzima waweza kujengwa kwa kuangalia sehemu ambazo watangulizi wao hawakuzifunua. Miaka sita baadaye, mwaka 1909, F. N. Pierce akachapisha huko Liverpool kitabu cha viungo vya uzazi vya nondo wa Uingereza wa jamii ya Noctuidae, chenye michoro, na tangu hapo mwenye hadubini aliweza kulinganisha nondo aliyempasua na picha iliyokwisha kukubaliwa.

Taratibu ya kazi yenyewe ni nyepesi kuisimulia, nzito kuitenda. Tumbo la nondo mkavu hukatwa na kutiwa katika chupa ndogo yenye maji ya potasi kali ya asilimia 10, likapashwa moto kwa dakika chache, au likaachwa humo usiku kucha bila ya moto. Potasi huyeyusha nyama na mafuta, walakini haiyeyushi kitini, ile dutu ngumu iliyojenga ganda la mdudu. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya viungo vya uzazi vya nondo imejengwa kwa ganda hilo hilo, vyenyewe hubaki vizima vikiwa safi. Kisha tumbo huoshwa, magamba yakaondolewa kwa brashi laini, viungo vikachomolewa kwa koleo jembamba na sindano chini ya hadubini, vikatiwa rangi ili zile sehemu laini nazo zionekane, vikapitishwa katika spiriti ili maji yatoke, na mwisho vikalazwa juu ya kioo na kufunikwa kwa utomvu wa balsamu. Kioo hupewa nambari, na nambari hiyo hiyo huandikwa juu ya kijikaratasi kilichochomwa pini pamoja na nondo mwenyewe. Maana viungo visivyojulikana vilitoka katika mwili gani havimfai mtu tena kwa hoja yoyote.

Na ni nini hasa kinachotazamwa? Kwa dume, sehemu iliyo kubwa kuliko zote ni vibamba viwili vya ubavuni viitwavyo valva, ambavyo humkamata jike. Na juu yao hutoka ndoana iitwayo unkasi. Katikati hupita edeagasi, ambao ndio uume, mrija mgumu unaotegemezwa na kibamba kidogo kiitwacho juksta. Ndani ya mrija umo mfuko laini, vesika, ambao wakati wa kupandana hupinduliwa ukatoka nje na kuvimba, na juu yake aghalabu imeota miiba, kornuti, ambayo idadi yake, urefu wake na mahali ilipokaa hutofautiana. Kwa jike hutazamwa mlango wa kupandiwa, njia inayotoka hapo kwenda ndani, na kifuko kiitwacho bursa kinachopokea manii, ambacho mara nyingi kina kibamba chenye meno kiitwacho signumu. Ni vyema kukumbuka kwamba nondo wengi mno wa kike wana matundu mawili, moja la kupandiwa na la pili la kutagia mayai. Kwa hiyo njia ya kupandiwa imekuwa huru kuchukua maumbo ya kila namna bila ya kuzuia utagaji, na hii ni sababu mojawapo ya utajiri wa dalili zipatikanazo humo.

Tukitaka kuona faida ya maarifa haya, tuanze na jenasi ya Spodoptera, ambayo wakulima wa Afrika Mashariki wanaifahamu kwa machungu, maana humo ndimo alimo kiwavijeshi, Spodoptera exempta, anayezuka makundi makundi juu ya nafaka na malisho. Mtego wa taa hauchagui wa kumnasa, na ndugu zake kadha wa rangi ile ile ya kijivu na hudhurungi huingia pamoja naye. Kwa hiyo ule uchambuzi wa spishi za jenasi hii za Afrika na Mashariki ya Karibu, uliochapishwa na E. S. Brown na C. F. Dewhurst mwaka 1975, ulikuwa ni haja ya kazi wala si anasa ya wasomi. Katika jenasi hiyo wamo Spodoptera littoralis, mkaazi wa Afrika na nchi za Bahari ya Kati, na Spodoptera litura wa Asia na visiwa vya Pasifiki, ambao mabawa yao hayatoi hukumu ya kuaminika. Kwa muda mrefu wote wawili waliandikwa kwa jina moja, Prodenia litura, hata maandishi ya zamani juu ya adui wa pamba ya Misri yakachanganyika na ya mdudu wa Bara Hindi. Kinachowatenga kwa yakini ni umbo la juksta na mapambo ya vesika kwa madume, na kwa majike ni uwiano wa urefu baina ya mlango wa kupandiwa na njia inayoufuata: kwa littoralis urefu ni sawasawa, kwa litura haulingani. Ofisa wa forodha anayezuia mimea yenye wadudu isiingie katika nchi yake hutegemea tofauti ndogo kama hizo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba dalili za umbile zote ni za mtu wa hadubini. Mwaka 2016, ilipothibitika kwamba Spodoptera frugiperda, kiwavijeshi vamizi wa asili ya Amerika, amefika Afrika Magharibi, na mwaka uliofuata akawa amekwisha kuenea hadi kwetu, wakulima walifundishwa kumtambua kiwavi wake kwa alama mbili: mistari myeupe ya usoni iliyokaa kama herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyojipanga mraba juu ya pingili ya nane ya tumbo. Hiyo nayo ni anatomia, imefikishwa mahali ambapo mwenye shamba aweza kuisoma kwa macho yake. Elimu nzuri ya kupambanua wadudu ina madaraja: daraja la shambani, daraja la bwana shamba mwenye lenzi, na daraja la makumbusho, na kila daraja la chini husimama kwa sababu lile la juu limekwisha kufanya kazi yake.

Mfano wa pili ni wa jenasi ya Helicoverpa, alimo funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, anayewasumbua wakulima wa pamba, nyanya na mbaazi katika nchi zetu. Ndugu yake wa Amerika, Helicoverpa zea, amefanana naye kiasi kwamba kuwatenga kwa mabawa ni kubahatisha. David Hardwick, katika uchambuzi wake mkubwa wa mwaka 1965, alilitenga kundi hili katika jenasi yake yenyewe, na viungo vya uzazi vilikuwa nguzo ya hoja zake. Kwa madume ya spishi hizi mbili dalili ni ya wazi kwa mwenye subira: mzizi wa vesika ya zea una vifuko vitatu vidogo, na wa armigera una kimoja. Mwaka 2013 armigera alipotangazwa kuwa yumo Brazili, nchi ambayo zea ni mwenyeji, jambo hilo halikuwa dogo, kwani mgeni huyo anajulikana kwa ukaidi wake mbele ya dawa nyingi za wadudu. Na mkulima anayenyunyiza dawa akidhani anapambana na adui wa siku zote hupoteza mali yake na kumwachia mdudu nafasi ya kuzidi nguvu.

Lakini mfano ambao kwa maoni yangu unabainisha kadhia hii kuliko yote uko katika mahindi yetu wenyewe. Bungua wa mabua si mdudu mmoja. Katika nyanda za juu anatawala Busseola fusca. Katika nyanda za chini na pwani anatawala Chilo partellus. Na baina yao wapo wa jenasi ya Sesamia na wengineo. Wote hutoboa bua, na wote huonekana machoni pa mkulima kama funza wa rangi ya waridi au ya maziwa. Ukimgeuza kiwavi na kumtazama kwa lenzi, vindoana vilivyo chini ya miguu yake ya tumboni hutoa hukumu ya kwanza: kwa Chilo vimekaa duara kamili, na kwa Busseola na Sesamia vimekaa upande mmoja tu. Hukumu ya pili, ya kutenga Chilo na Chilo au Sesamia na Sesamia, ndiyo inayotaka nondo mzima na viungo vyake. Kwa Sesamia za Afrika kazi hiyo ilifanywa na W. H. T. Tams na J. Bowden mwaka 1953. Kwa Chilo za dunia nzima ilifanywa na Mpolandi Stanisław Błeszyński, ambaye uchambuzi wake ulichapishwa London mwaka 1970, na ndani yake mikono ya juksta, umbo la edeagasi na kornuti zake ndiyo mizani ya kupimia spishi moja na nyingine.

Faida ya mizani hiyo ilidhihirika katika pwani ya Kenya. Huko alikuwapo tangu zamani Chilo orichalcociliellus, mwenyeji, kabla hajaingia Chilo partellus, mgeni kutoka Asia ambaye katika Afrika alijulikana kwanza huko Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, mnamo mwaka 1930. Mgeni hukua upesi zaidi, na taratibu akachukua sehemu kubwa ya nafasi ya mwenyeji katika mahindi na mtama, ilhali mwenyeji amebaki na hifadhi katika baadhi ya majani ya mwituni ambamo mgeni hawezi kukua. Habari kama hii, ya spishi moja kuisukuma nyingine, isingeandikika kabisa kama wachunguzi wangewatia nondo wote katika chupa moja yenye jina la "Chilo".

Kisha ikaja tiba. Mwaka 1993 wataalamu wa kituo cha ICIPE cha Nairobi waliachilia katika pwani hiyo nyigu mdogo kutoka Asia, Cotesia flavipes, ambaye hutaga mayai yake ndani ya kiwavi na watoto wake wakamla kiwavi huyo kwa ndani. Nyigu huyu humfaa sana Chilo partellus, lakini akitaga katika Busseola fusca, seli za damu ya kiwavi huyazingira mayai na kuyafisha. La kustaajabisha zaidi ni kwamba nyigu mwenyeji wa Afrika, Cotesia sesamiae, ana makundi mawili: la bara hustawi ndani ya Busseola, na la pwani hushindwa. Na nyigu hao nao hufanana mno, hata njia mojawapo ya kuwatenga flavipes na sesamiae ni kutazama viungo vya uzazi vya madume yao. Basi tazama jinsi hukumu zinavyofuatana: asiyejua ni bungua yupi aliye katika bua hawezi kuchagua nyigu, na asiyejua ni nyigu yupi aliye katika chupa hawezi kujua amemwachilia nani shambani.

Lililobaki ni kuuliza kwa nini viungo hivi vitofautiane kuliko mabawa, ikiwa mdudu ni yule yule. Rai ya Dufour ya kufuli na ufunguo ilipendwa kwa karne nzima na zaidi, kwani ilieleza mambo mawili kwa mara moja, tofauti na kutochanganyika. Walakini walipotafuta ithibati yake katika makundi mengi ya wadudu hawakuiona ya kutosha, na mwaka 1985 William Eberhard alitoa hoja nyingine: kwamba jike hutumia manii ya baadhi ya madume zaidi kuliko ya wengine kwa kadiri anavyoamshwa na viungo vyao, na hivyo umbo la viungo husukumwa kubadilika upesi hata pasipokuwa na spishi jirani ya kujihadhari nayo. Kwa upande wa nondo wa jamii ya Noctuidae, Mfini Kauri Mikkola aliitetea rai ya kale kwa kuihamisha mahali: alisema kufuli haiko nje katika valva, bali iko ndani, katika vesika iliyovimba na bursa inayoipokea. Mimi naona rai hizi hazibatilishani kwa lazima, na kwamba zote mbili zinaafikiana katika jambo moja linalotuhusu: kiungo kilichofungamana na uzazi hubadilika kwa njia yake, mbali na shinikizo la ndege na la gome la mti, na kwa hiyo kinashuhudia mgawanyiko wa nasaba pale ambapo bawa limenyamaza.

Pamoja na hayo, insafu yataka tutaje mipaka. Viungo vya nondo wa spishi moja navyo vinatofautiana kidogo kutoka mmoja hadi mwingine, na anayempasua mmoja tu aweza kuigeuza kasoro ya mtu binafsi kuwa dalili ya kabila zima. Kioo kikibanwa mno, umbo hupotoka. Vesika isipopinduliwa, nusu ya habari hubaki gizani. Vya madume vimechorwa sana kuliko vya majike, na mara nyingine kile kielelezo cha asili ambacho jina limefungwa kwake ni jike ilhali maelezo yote ni ya dume, au kimeliwa tumbo na wadudu wa makumbusho. Na hata kufuli iliyo imara huweza kufunguliwa: uchunguzi wa urithi umeonyesha kwamba huko Brazili armigera na zea wamezaana na kuchanganya baadhi ya jeni zao, juu ya tofauti yote ya vesika zao.

Kwa sababu ya mipaka hiyo wengi walifurahi mwaka 2003, Paul Hebert na wenziwe wa Guelph, Kanada, walipopendekeza kwamba spishi zitambuliwe kwa kipande kimoja cha jeni ya mitokondria, chenye herufi kama 658. Njia hii ina neema kubwa: mguu mmoja wa nondo watosha, kiwavi na yai husomeka sawasawa na nondo mzima, na spishi nyingi zilizokuwa zimejificha zimefichuliwa kwayo. Lakini mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Palipopita kuzaana kwa spishi mbili, au bakteria aitwaye Wolbachia akaenea katika ukoo, kipande hicho chaweza kusema uongo. Na spishi zilizotengana karibuni zaweza kuwa nacho kimoja. Juu ya yote, herufi hazina jina. Hupewa jina kwa kulinganishwa na za nondo aliyekwisha kutambuliwa, na huyo hutambuliwa kwa umbile lake. Akiwa ametambuliwa kimakosa, kosa lake hurithiwa na kila atakayelinganishwa naye. Kwa bahati njema njia mbili hizi hazigombani hata kwa nyenzo, maana tumbo laweza kulowekwa katika kimeng'enya badala ya potasi, likatoa jeni zake kwanza, na viungo vyake vikabaki safi kwa hadubini.

Hitimisho langu basi ni hili. Kutambua nondo ni hukumu inayojengwa kwa shahada kadha wa kadha, za bawa, za kiwavi, za mmea anaoula, za jeni. Ila shahada ya viungo vya batini ndiyo inayoziunganisha, kwa sababu inamfikia nondo aliyekufa miaka mia iliyopita akiwa amechomwa pini makumbushoni, inarudiwa na kukaguliwa na yeyote mwenye shaka, na haihitaji mashine ya mamilioni. Hadubini, potasi, koleo na sindano vimo katika uwezo wa vyuo vyetu vya kilimo, na makusanyo ya wadudu yaliyoko katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya mjini Nairobi ni hazina ambayo vijana wetu wangeisomea. Linalopungua ni watu waliofundishwa, na desturi ya kuhifadhi. Kila uchunguzi wa wadudu waharibifu unaofanywa katika nchi zetu ungeacha nyuma yake nondo kadha waliochomwa pini, wenye tarehe, mahali na mmea, pamoja na vioo vya viungo vyao vyenye nambari, ili atakayekuja baada ya miaka thelathini aweze kuhakikisha ni mdudu gani hasa aliyezungumzwa. Bila ya hivyo, takwimu za hasara, majaribio ya dawa na habari za nyigu walioachiliwa zitakuwa zimeandikwa juu ya mdudu ambaye hatumjui, na mkulima ndiye atakayelipa gharama ya kutojua huko.